Nta Katika Gita la Jaotombo

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa mota iliyoungua, nyundo na patasi. Hakuna aliyeniuliza jina. Ilikuwa katika karakana ya umeme ya kiwanda cha sukari, Nosy Be, wakati Wafaransa walipotawala kila kitu mpaka kengele ya kula. Mkuu wa karakana, mzungu mwenye masharubu yaliyogeuka manjano kwa tumbaku, alininyooshea kidole kwenye chuma cheusi kilichonuka kama nywele zilizoungua, akaniambia nitoe waya wote, mzunguko baada ya mzunguko, na nihesabu. Nikamwambia kuhesabu najua, kuandika sijui.

"Nani amekwambia uandike?" alisema. "Usiandike, usifikiri. Hesabu."

Nilikuwa nimesoma chuo cha Kurani miaka mitatu kwetu Marodoka, na shule ya Wafaransa miezi minne. Basi. Kila nilichokijua baada ya hapo nilikijua kwa mikono hii, na sioni haya kulisema hilo mbele ya wenye vyeti. Kuandika nimejifunza ukubwani, na Kiswahili hiki ninachowaandikia nimekipata Unguja, ninakoishi sasa kwa binti yangu. Kule kwetu Kiswahili kilibaki maneno ya dukani, ya msikitini na ya chomboni. Nyumbani mama aliongea Kingazija chake, mtaani tuliongea Kisakalava, na kazini tuliamrishwa kwa Kifaransa. Kwa hiyo maneno ya watu mtakayoyasoma hapa nimeyavusha mimi mwenyewe.

Mota ile nilihesabu kwa tasbihi ya mama. Kila mizunguko kumi, punje moja. Wenzangu walicheka, wakasema Madi anaisalisha mota. Mkuu wa karakana alikuja akatazama, akasema kwamba Mungu yeyote atakayetumika ni sawa kwake, mradi hesabu itimie. Ikatimia. Baada ya mwezi mmoja sikuwa nabomoa tena, nilikuwa nasuka koili mpya. Koili ni waya mwembamba wa shaba uliozungushwa mara nyingi, waya juu ya waya, kila mmoja umepakwa ngozi nyembamba ya vanishi ili umeme usiruke njia. Ukimaliza kuzungusha, unaichovya koili yote ndani ya vanishi nzito, unaianika, inakuwa ngumu kama jiwe. Hapo waya hautikisiki tena, na usipotikisika hausuguani, na usiposuguana hauungui.

Kuhusu jambo hilo mkuu wa karakana hakuwa na mchezo. "Koili isiyokunywa vanishi itakurudia," alituambia. "Na ikikurudia wewe, mimi nitakurudisha kwenu." Nilimwona akimfukuza mtu kwa koili moja iliyochovywa nusu. Nikaiweka kanuni ile kichwani karibu na zile nguzo tano.

Jaotombo nilimjua pale kiwandani. Alikuwa Msakalava wa Ambondrona, upande wa machweo wa kisiwa, alipakia miwa kwenye mabehewa, na jioni alipiga gita la mbao katika kambi ya wafanyakazi. Mimi sikuwa mtu wa watu. Nilikula peke yangu, nilirudi nyumbani kwa njia ya nyuma. Yeye alikaa kando yangu siku moja bila kualikwa, akala muhogo wangu, akaniambia kwamba nina uso wa mtu anayedaiwa na majini. Tangu hapo nikawa na rafiki. Sikufanya lolote kumpata, ndiyo maana labda sikujua kwamba rafiki hutunzwa.

Shida yake ilikuwa moja. Kule kwetu ngoma ikikolea wanawake hupiga makofi ya pamoja, makali, yenye kupishana, wanayaita rombo. Rombo la wanawake arobaini humeza gita kama maji yanavyomeza jiwe. Siku moja, kesho yake ikiwa na sherehe kubwa pale kambini, palipokuwa na umeme wa kiwanda, alinijia akasema, "Madi, wewe unayezungumza na mota, liambie gita langu lipige kelele."

Nilikuwa nimeona ndani ya simu mbovu na redio mbovu, nikajua la kufanya. Nilitwaa sumaku ya simu iliyotupwa. Nilifungua transfoma ya redio iliyokufa, nikatoa waya mwembamba kuliko unywele. Kigurudumu cha kuuzungushia nilikichonga kwa pembe ya ng'ombe, na cherehani ya mama, ile sehemu ya kujazia uzi, ndiyo iliyozungusha. Waya ulikatika mara mbili nikauunga. Uzi wa chuma wa gita ukitikisika juu ya sumaku iliyozungukwa na koili, umeme mdogo sana huzaliwa ndani ya waya, mdogo hata mbu hawezi kuusikia. Ukiupeleka kwenye redio kubwa, pale panapochomekwa waya wa santuri, redio inaukuza. Wafaransa kitu hicho wanakiita mikro, nasi tukakiita mikro.

Vanishi sikuwa nayo. Mtunza stoo alikuwa amefunga na kwenda zake. Nikaiacha koili vile vile, kavu, imelegea, nikaibana chini ya nyuzi kwa vipande viwili vya mianzi. Niliona aibu. Nilimwambia Jaotombo kazi hii haijaisha, nitaimaliza.

Siku ya pili alipiga mbele ya watu wote. Rombo likaja, na gita likapita juu yake. Halafu tukagundua jambo. Kwa kuwa koili ilikuwa imelegea, ilisikia kila kitu. Jaotombo alipogonga ubao kwa kidole gumba, redio iligonga. Alipoguna karibu na tundu la gita, redio iliguna. Mpigaji mwingine angelalamika. Yeye alicheka, akaanza kugonga kwa makusudi, gonga moja kabla ya kugeuza wimbo, na wachezaji wakaikamata mara moja. Gumba likigonga, safu nzima inageuka. Tangu siku ile kidole kile kilipata kazi, na mguno wake chini ya wimbo ukawa kama mtu wa pili anayejibu. Hakuna aliyekuwa na sauti ile kisiwani. Wala mimi sikuiita sauti. Niliiita kasoro.

Baadaye Jaotombo alihamia Mahajanga, kubeba mizigo bandarini na kupiga muziki. Akanitumia salamu kwa baharia kwamba mji una redio nyingi mbovu na unanihitaji. Mama alikuwa ameshafariki. Niliaga kiwandani. Mkuu wa karakana alinipa koleo ndogo yenye mipini ya mpira, na zawadi hiyo kwa mtu yule ilikuwa hotuba.

Mahajanga niliajiriwa na Mhindi mwenye duka la redio. Alikuwa mtu mpole, mwenye kikohozi, aliyejua bei ya kila kitu na hakujua kitu kimoja kinavyofanya kazi. Mchana nilitengeneza redio zake. Nyumbani, Mangarivotra, katika chumba nilichopanga, nilitengeneza magita. Habari ilikuwa imeenea: mabaharia, machotara wa Kikrioli wa bendi, karani mmoja wa forodha, wote walikuja mlangoni na gita na malalamiko.

Niwaelezeni kazi yenyewe, kwa maana wengi mnanunua gita hamjui kilicho tumboni mwake. Mvumo ule wa nzi unaosikika kabla mtu hajapiga hutoka kwenye umeme wa nyumba. Unatibiwa kwa waya wenye koti la chuma nje, niliokuwa nikiukata kwenye redio kuukuu, na kwa waya wa arthi, ule wa kutoroshea umeme usiotakiwa, unaofungwa kwenye chuma cha nyuma kinachoshika nyuzi. Mpigaji akishika nyuzi, mwili wake mwenyewe unanyamazisha mvumo. Kirungu cha kuongeza na kupunguza sauti kina utepe mweusi ndani wa kaboni. Ukichakaa unakwaruza, unausafisha kwa spiriti, ukikataa unatafuta kingine. Kama sauti ni kali mno, unaweka kondensa, kijidonge chenye miguu miwili, kati ya kirungu na arthi, na kijidonge hicho kinakula ukali. Kikubwa kinakula zaidi. Nilikuwa navyo kwenye makopo, nimevipanga kwa ulaji wao.

Nilikuwa fundi mzuri. Hakuna gita lililorudi. Lakini sijawahi kuona kazi inayomwacha mtu peke yake kama ile. Mwenye gita analijaribu mlangoni, nyuzi mbili tatu, uso unamng'aa, kisha anakimbia nalo huko linakotakiwa, na wewe unabaki na moshi wa risasi ya kulehemu. Sikuwa napiga gita, vidole vyangu ni vya kushika vitu vidogo, havina wimbo. Bibi mwenye nyumba, tuliyemwita Dady kama wanavyoitwa mabibi wa kule, alisimama siku moja mlangoni na sahani ya wali, akatazama ukutani.

"Mwanangu," akasema, "chumba chako kina magita tisa na hakina wimbo hata mmoja."

Nilipokea sahani. Nilikula wali.

Jaotombo ndiye mtu wangu pekee Mahajanga. Alilala katika kibanda kinachovuja karibu na bandari, kwa hiyo gita lake alilihifadhi kwangu, Jumatatu mpaka Jumapili. Kila alipolifuata tulikunywa chai, akanitania. Alisema kwamba nikipata mchumba nitamhesabu vidole kwanza nione kama vimetimia. Jumapili alasiri alipiga katika ukumbi wa dansi wa pale ufukweni mwa mji, nami nilikaa nyuma ya jukwaa, katika chumba cha kreti, niangalie amplifaya isipate moto. Nilisikia dansi kupitia ubao wa ukuta. Gumba likigonga nilisikia miguu yote ikigeuka, nami nikajua upande gani wamegeukia. Hiyo ndiyo ilikuwa Jumapili yangu, na niliingoja juma zima.

Meneja wa ukumbi alikuwa Mfaransa kijana aliyetaka ukumbi wake ufanane na wa kwao. Akaleta amplifaya mpya, kubwa. Kwa amplifaya ile gita la Jaotombo lilianza kupiga mluzi. Koili iliyolegea inasikia sauti ya amplifaya, inairudisha kwenye amplifaya, inaisikia tena, na mara moja ukumbi mzima unashika masikio. Jumapili ya tatu ya mluzi meneja aliniita kando. Aliniambia kwamba likipiga mayowe mara moja tena, mpigaji anaondoka, atatafuta mwenye akodiani, nayo akodiani haina umeme wa kumtia wazimu.

Nilimwambia Jaotombo. Alikuwa akifunga gita kwenye kitambaa.

"Mluzi tutauzoea," alisema. "Na yeye atauzoea."

"Hatauzoea. Atakufukuza. Niachie, naijua dawa yake."

Akaacha kufunga. "Madi, sikiliza. Unaweza kuhamisha waya, unaweza kubadilisha kirungu. Hiyo mikro usiiguse."

Nikasema sawa. Aliniachia gita kama kila Jumapili, akaondoka.

Siku nne nililitazama likiwa ukutani. Nataka mnielewe, kwa sababu sitaki kujipamba wala kujitukana. Nilijua Jumapili litapiga mluzi. Nilijua atafukuzwa, na akifukuzwa atakwenda mji mwingine, nami nitabaki na magita ya watu. Na chini ya hayo kulikuwa na jambo jingine, dogo, la kiburi: koili ile ya pembe ya ng'ombe ilikuwa kazi yangu pekee isiyokamilika, nayo ilikuwa inapigwa mbele ya mji mzima. Nikajisemea, yeye mpigaji, mimi fundi. Mpigaji hajui kilicho chema kwa koili.

Alhamisi, baada ya kutoka dukani, nilifungua nyuzi. Vanishi ya mota ingekula ngozi ya waya mwembamba vile, kwa hiyo nilitumia nta. Nta ya nyuki sehemu moja, mishumaa sehemu nne, ndani ya kopo la sadini, na kopo ndani ya sufuria ya maji ya moto, maana nta ikiguswa na moto wenyewe inalipuka. Ikayeyuka ikawa kama chai nyepesi. Nikaichovya mikro. Viputo vikatoka, vidogo vidogo, hewa yote iliyokuwa katikati ya waya. Unangoja mpaka viputo viishe. Vikiisha, nta imefika ndani kabisa na hakuna anayeweza kuitoa. Mikro niliitoa kwenye kopo, nikaifuta, nikairudisha mahali pake. Niligonga ubao kwa kidole. Redio yangu haikusema kitu. Nilifurahi sana.

Jumapili hakukuwa na mluzi. Meneja alikuja chumba cha kreti akanipiga bega. Kwenye ubao wa ukuta nilisikia gita, safi, kila uzi peke yake kama vijiko vimepangwa mezani. Wimbo wa kwanza ulifika mahali pa kugeuka na miguu ikachanganyikana. Wengine waligeuka, wengine hawakugeuka, nikasikia watu wakigongana na kucheka. Wimbo wa pili, vivyo hivyo, na hawakucheka. Wanawake walijaribu rombo, likakosa pa kushika, likafa. Wimbo wa tatu haukuja.

Jaotombo aliingia chumba cha kreti akiwa na gita mkononi, ameshachomoa waya. Jasho lilimtoka kama aliyebeba magunia. Aligonga ubao kwa gumba, mara moja, polepole, akinitazama.

"Madi. Umelifanya nini?"

Hapo palikuwa na jibu la mtu na jibu la fundi. Nikatoa la fundi. "Nimelimaliza. Kazi ile ilikuwa haijaisha, nilikwambia tangu Nosy Be. Mluzi umesikia? Hakuna mluzi. Una kazi yako bado."

"Nilikwambia usiiguse."

"Wewe unapiga. Kutengeneza niachie mimi."

Aliliegemeza gita kwenye kreti, taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto wa mwenzake. Akatoka kwa mlango wa nyuma. Meneja hakumfukuza, hakupata nafasi. Juma lile lile Jaotombo alipanda meli ya kurudi Nosy Be, na kwangu hakupita kuaga wala kulichukua gita.

Niligeuka mtu wa kazi moja. Nilisuka mikro mpya kumi na moja za gita lile, kavu, bila nta, moja imelegea hivi, nyingine vile. Nilihesabu, nilipima. Zote zilisikia kugonga kwangu, na kugonga kwangu kulikuwa kugonga mlango. Na katika kutafuta huko niligundua kitu ambacho mpaka leo kinanichoma: mkeka. Ukikunja mkeka ukauweka chini ya amplifaya, na mpigaji akasogea hatua mbili kando, mluzi wote unaisha. Hakukuwa na haja ya nta. Lakini mimi nilifundishwa na mota, na mota haina mtu ndani.

Mwaka wa mwisho wa Wafaransa niliichagua mikro iliyoikaribia zaidi ile ya zamani, nikaifunga ndani ya gita, nikapanda meli. Nilimkuta Jaotombo katika kambi ya kiwanda, amekaa kibarazani, ana mvi mbili tatu, mtoto wa kike nyuma yake anamsuka nywele. Alisimama akanipa mikono miwili.

"Karibu, fundi," alisema.

Hakuwa amewahi kuniita hivyo. Maisha yangu yote nimetaka watu waniite fundi, na wameniita, na siku ile ndiyo siku pekee nilipolisikia neno hilo kama mtu anavyosikia komeo likisukumwa kwa ndani.

Aliniletea kahawa. Nikalifungua gita nikamweleza. Nilimweleza mizunguko elfu tano na mia nane. Nilimweleza mvutano wa waya, na sumaku niliyoipunguza nguvu kwa moto, na jinsi nilivyoacha hewa katikati makusudi. Nilimweleza hata mkeka. Alisikiliza yote, hakunikatiza, kichwa kimeinama kwa ajili ya yule mtoto anayesuka. Nilipomaliza alilichukua, akapiga kidogo bila umeme, akagonga mara moja kwa gumba. Akanirudishia.

"Ni zuri, fundi," alisema. "Liuze."

Niliondoka na meli iliyofuata. Gita nililiuza kwa mtu wa mji wa Diego, na nasikia alilipenda. Baada ya hapo niliendelea na kazi miaka mingi, kule na hapa Unguja, nikaoa, nikazaa, nikatengeneza magita ambayo nimesahau hesabu yake, mpaka macho yalipokataa kuuona waya mwembamba. Nimestaafu kwa heshima. Vijana hunijia kuniuliza siri ya nta, sehemu ngapi, moto kiasi gani, nami nawaambia, kama nilivyowaambia hapa. Nta ni nzuri, itumieni. Lakini kabla hujafungua nyuzi, mwambie mwenye gita akupigie, ukae umsikilize mpaka amalize, na akikwambia kitu fulani usikiguse, usikiguse.

Jaotombo amefariki, nilipata habari kwa wasafiri. Jambo linaloniamshia mawazo katika baraza hii ya binti yangu si nta tena. Ni ile kahawa. Yule mtu alinipa robo saa nzima nimweleze waya, na angenisikiliza vivyo hivyo kama ningemwomba samahani. Ni neno moja, lisingechukua hata funda moja la kahawa. Nilikuwa nimevuka bahari kulileta, nikazungumza juu ya sumaku.